Keria Iliyokuwa Wazi kwa Kila Mtu

Nilifika Tunduma nikiwa nimekaa juu ya mizigo. Niliondoka Masasi mwanzo wa mvua, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa pa kupangiwa, nikapita Tunduru, Songea, Njombe, Makambako na Mbeya, mara kwa lori, mara kwa basi, na karibu safari nzima nafasi yangu ilikuwa juu ya keria, katikati ya magunia, magodoro na kuku waliofungwa miguu. Ndani walikaa wenye watoto na wenye bahati. Kati ya Tunduru na Songea tulilala njiani zaidi ya mara moja kwa sababu ya matope. Hadi leo nikisikia harufu ya turubai lililolowa naikumbuka njia ile, na naikumbuka kwa hamu. Nilikuwa katika umri wa kupenda njia kuliko mahali.

Nilichokichukia ni mageti. Miaka ile barabara zilikuwa na boriti nyingi zilizolazwa njiani, na kwenye kila boriti alikuwepo mtu wa kuamuru, "Shusheni!" Alitafuta mahindi yasiyo na kibali, kahawa, sukari, vitenge. Utingo alipanda juu, akafungua kamba, akaanza kutupa. Waliokuwa chini walidaka walichoweza kudaka. Ukaguzi ukiisha, vyote vilirudishwa juu kimoja kimoja, kwa matusi, na geti lililofuata halikuwa mbali. Karibu na Njombe cherehani ya mama mmoja ilianguka ikavunjika. Mama yule alikaa kando ya barabara ameipakata, na hakuna aliyemwomba radhi, kwa kuwa hapakuwa na aliyeona kosa. Mizigo ilishushwa hivyo. Ilikuwa imeshushwa hivyo siku zote.

Sanduku langu la bati lilivumilia hadi mwisho wa safari. Lilipasukia Tunduma kwenyewe, kwenye stendi, nguo zangu zikatawanyika kwenye tope mbele ya watu waliokuwa wakicheka kwa Kinamwanga, kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Aliyeniokotea shati alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, amevaa aproni ya turubai iliyotobolewa na cheche za moto.

"Mtu wa wapi wewe?"

"Masasi."

"Aa, mtu wa korosho! Umetoka huko kote kuja kutuanikia nguo stendi?" Akalipindua sanduku, akalitazama pembeni. "Aliyelitengeneza hili alikuwa na haraka ya kwenda kula. Njoo."

Ndivyo nilivyomjua fundi. Siku ile ile alilinyoosha sanduku langu na kulipigia ribiti mpya, na alipogundua kwamba naandika vizuri akanifanya karani wa karakana. Ilikuwa karakana ya ushirika, mafundi wachache chini ya paa moja la bati, karibu na mpaka. Waliziba ndoo, walinoa majembe, walichomelea fremu za baiskeli. Nilikusudia kukaa hapo mpaka nguo zangu zikauke. Nilikaa miaka.

Fundi alikuwa Mnyiha wa Itaka, wa ukoo wa wakulima wa kahawa, Mmoraviani aliyeimba tenzi kwa sauti kubwa huku akichomelea, kila mara nje ya ufunguo wa wimbo. Hakuwa mtu mpole, na sitamfanya mpole kwa sababu tu namtetea. Alijisifu. Alimwambia mteja usoni kwamba baiskeli yake imeharibiwa na ujinga wa mwenye baiskeli. Kazi ikitoka vizuri aliizunguka akisema, "Nani mwingine? Nionyesheni!" Wenzake walimvumilia kwa kuwa kazi kweli zilitoka vizuri.

Keria yake ilizaliwa kutokana na ugonjwa wa baba yake. Mzee yule alibebwa kwa machela kutoka kijijini, watu wanne mabegani kwa zamu, kupanda na kushuka vilima vya kahawa hadi kwa waganga wa misheni, kama walivyobebwa wagonjwa wengi wa huko. Fundi alikuwa mmoja wa wabebaji. Aliporudi karakana baada ya baba yake kupata nafuu, alikaa juu ya mtungi wa gesi, akaniambia jambo ambalo sikulielewa:

"Karani, mgonjwa hashushwi. Umewahi kuona? Inashushwa machela. Yeye amelala tu humo humo, anaangaliwa, ananyanyuliwa tena."

"Sasa?"

"Sasa kwa nini gunia linashushwa?"

Fundi alikuwa na rafiki, Mwislamu wa kutoka Kondoa, mwenye basi lililokwenda Isongole na kurudi. Njia ya Isongole iko karibu na Malawi, na magendo yalikuwa mengi, kwa hiyo ukaguzi nao ulikuwa mwingi. Abiria walikuwa wakimlaani mwenye basi kwa vitu vilivyovunjika, naye alikuwa akimlaani utingo. Fundi akamwomba basi lile. Alichukua mabomba na vyuma chakavu vilivyoachwa kwenye kambi ya wajenzi wa reli, akaitoa keria ya zamani yote.

Keria mpya ilikuwa vitanda. Siwezi kuieleza kwa namna rahisi zaidi. Juu ya paa kulikuwa na reli mbili, na juu ya reli hizo vilikaa vitanda vya bomba vyenye wavu wa chuma, kila kimoja na mishikio minne kama machela. Mizigo ilifungwa kitandani chini, ardhini, kwa utulivu. Kitanda kilisukumwa juu kwa mteremko wa nyuma, kwenye vigurudumu alivyovitengeneza kwa beringi kuukuu, kikaenda mpaka mahali pake na kujifunga kwa pini. Getini pini ilivutwa, kitanda kikateremka, watu wanne wakakipokea na kukisimamisha kwa miguu yake. Mkaguzi alikizunguka, akapekua alichotaka, kikarudi juu. Hakuna kilichotupwa.

Nimewahi kumsimulia mtu habari hii akaniambia, "Basi mlishangilia." Hatukushangilia. Watu waligoma kupanda! Machela pale ilikuwa kitu cha mgonjwa, na mara nyingi ilirudi na maiti. Ikishatumika iliegemezwa nje, ukutani, na watoto walikatazwa kuichezea. Sasa huyu Mnyiha mwenye majivuno ameweka machela nyingi juu ya vichwa vya watu wazima. Stendi nzima ilimwita dereva wa maiti. Fundi wa baiskeli, aliyekaa nasi chini ya paa lile lile, alilivulia basi kofia kila lilipopita na kusema, "Poleni wafiwa." Akina mama wa maharage walimwambia mwenye basi, "Baba, sisi bado tuna watoto wa kulea. Tutatembea."

Mwenye basi alitaka keria ya zamani irudi. Fundi akamwambia asubiri kidogo, akavipaka vitanda rangi ya kijani kibichi, akavipa vigwe vya mapambo kama vya baiskeli, na yeye mwenyewe akapanda basi na kulala juu ya kitanda kimoja hadi Isongole, akiimba, ili watu waone kwamba hafi. Nilikuwemo. Kwenye geti la kwanza tulikuta basi jingine likifunguliwa kamba. Tulikaguliwa, tukapita, na wale walikuwa bado wanatafuta chungu cha nani kimevunjika. Kuanzia hapo abiria walilisubiri basi la vitanda na kuyaacha mengine yaende matupu. Maneno ya maiti yalikwisha kama hayakuwahi kusemwa, na huko kukwisha ndiko kulikokuja kutuponza.

Wenye magari wengine walifika karakana wakitaka vitanda. Hatukuwa na bomba hata moja. Mabomba yalikuwa kwenye ghala la serikali, na yalitoka kwa kibali, na kibali tulinyimwa kwa sababu karakana yetu ilihesabiwa kuwa ya kutengeneza vilivyoharibika, si ya kuunda vipya. Ndipo tuliposikia redioni kwamba wavumbuzi wapeleke kazi zao Dar es Salaam zichunguzwe, na atakayeonekana ameunda kitu kipya atapewa hati ya uvumbuzi, na karakana yake itafikiriwa katika mgao wa vyuma. Fundi alizima redio.

"Andika," akaniambia. "Andika kwamba ni mimi."

Kwa hiyo mambo mawili yalining'inia hapo, na nayataja wazi ili yasipotee. Bila hati hakuna mabomba, na bila mabomba karakana ilikuwa inakufa. Hilo lilikuwa letu sote. La pili lilikuwa lake peke yake: alitaka iandikwe mahali kwamba ni yeye.

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu. Atakuja mchunguzi, aione keria na kuwauliza wanaoifahamu. Walitueleza kipimo chao: kitu kiwe kipya, na kisiwe jambo lililo wazi, yaani ambalo fundi wa kawaida angelifikia tu bila kuumiza kichwa. Nilitumwa Mbeya kumpokea. Wakati nikiwa huko, balozi wa nyumba kumi aliitisha mkutano, na yaliyosemwa nilisimuliwa baadaye na mwenye basi.

Balozi alikuwa mtu mwema. Alikuwa ameona watu wakiitwa walanguzi, wakiitwa mabepari uchwara, wakinyang'anywa mashine zao za kusaga. Akasikia mtu anatoka Dar es Salaam kuuliza kama keria ni ya mtu mmoja. Akajumlisha mwenyewe.

"Ndugu zangu," aliwaambia, "huyu mwenzetu tunamjua mdomo wake. Atasema 'mimi, mimi, mimi' mbele ya mgeni, na atafungwa kwa ubinafsi. Tumwokoe. Kila atakayeulizwa aseme keria hii ni yetu wote, tunaijua wote, hakuna mwenye nayo."

Mkutano ukakubali kwa makofi. Waliomwita dereva wa maiti ndio waliopiga zaidi.

Mchunguzi alikuwa kijana wa rika langu, sauti laini, aliyesoma ng'ambo na kurudi. Tulitoka Mbeya kwa basi la keria ya kawaida, na kwenye stendi ya Tunduma utingo alilitupa sanduku lake chini. Kufuli likafyatuka, mashati meupe yakaingia topeni mahali pale pale yalipoingia yangu. Fundi alikuja akicheka mpaka machozi.

"Karibu Tunduma, ndugu mchunguzi! Naona umeshaanza kuchunguza!"

Mchunguzi naye alicheka. Fundi akalichukua sanduku na kulitengeneza kufuli lake jioni ile, nami nililala nikiamini kwamba kazi imekwisha, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kupewa ushahidi ulio bora kuliko ule.

Asubuhi basi la vitanda lililetwa kwenye ua wa karakana. Mchunguzi aliomba vitanda viteremshwe na kupandishwa, akapima, akachora, akauliza maswali ya maana kuhusu uzito na pini. Fundi alijibu vizuri, na nilishangaa kuona amejizuia. Kumbe mzee wa kanisa alikuwa amemwomba asijisifu, akimwambia kwamba jambo hilo litamsaidia. Kisha mchunguzi akageukia watu.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa mama wa maharage, mmoja wa wale waliotaka kutembea kwa miguu.

"Mama, ulipoiona keria hii mara ya kwanza, ulishangaa?"

"Nishangae nini, mwanangu? Bibi yangu alibebwa hivi hivi. Hii ni machela tu. Kila mtu anaijua."

Nikasema, "Lakini mama, si uligoma—"

"Ndugu karani," mchunguzi akasema kwa upole, "mwache aseme."

Fundi wa baiskeli alisogea mbele bila kuitwa. "Mimi ni fundi pia, mheshimiwa. Kitu hiki fundi yeyote wa hapa anakifanya. Hakina ugumu."

"Uliwahi kukifanya?"

"Bado."

"Kuna aliyewahi?"

Akawatazama wenzake, akaona kwamba ukweli unaweza kumfunga rafiki yao, akasema kwa ujasiri, "Tulikuwa tunangoja tu."

Watu waliitikia, "Ndiyo, tulikuwa tunangoja." Sauti nyingi, za kike na za kiume. Hata utingo wa basi lile, Mzambia aliyekuwa akimsalimu kila mtu "mulishani", alisema kwamba kwao ng'ambo pia walikuwa wanangoja.

Hapo fundi akapasuka. "Waongo! Wote! Mlinicheka mpaka nikalala juu ya basi kama mzoga! Wewe uliyevua kofia! Wewe mama, nani aliyesema bado ana watoto?"

Balozi alimkimbilia akamshika mkono, na kumwambia mchunguzi kwa hofu, "Mheshimiwa, msamehe. Ana hasira za Kinyiha. Lakini si mbinafsi. Amesema mwenyewe kwamba keria ni ya wote. Si ndivyo, ndugu? Sema ndivyo."

Fundi aliuchomoa mkono wake. Mchunguzi alikuwa anaandika.

Nilimsindikiza stendi kesho yake, na sikuwa na sauti laini.

"Umeelewa kwamba walikuwa wanamkinga?" nilimwuliza. "Walidhani umekuja kumfunga."

"Nimehisi hivyo."

"Basi?"

"Basi naandika kinachosemwa, ndugu yangu, na ninachokiona. Keria ipo. Machela ipo. Reli na vigurudumu vipo. Ameviweka pamoja. Fundi wa kawaida aliyevijua vyote vitatu angeviweka pamoja."

"Kwa nini hakuviweka?"

"Nani?"

"Huyo fundi wa kawaida. Hapa kila mtu anaijua machela tangu utotoni, na kwa kuijua ndiyo maana aliiogopa. Kuijua kwao ndiko kulikowazuia! Na wewe je? Umepanda mabasi maisha yako yote. Juzi sanduku lako lilipotupwa, wazo hili lililo wazi lilikuwa wapi?"

Alilitazama sanduku lake. Kufuli lililotengenezwa na fundi liling'aa. "Ukishaonyeshwa," akasema, "ni rahisi mno." Na alisema hivyo kana kwamba urahisi ule ulikuwa kosa la fundi.

Nimeyafikiria maneno yale katika miji mingi tangu hapo, maana sikuwahi kukaa mahali pamoja, na hasira yangu haijapoa. Fundi wa kawaida! Namtafuta. Nimepita karakana za Sumbawanga, Kigoma, Tabora na Mwanza, na kila mahali nimekuta mafundi wenye majina, mmoja hodari, mmoja mvivu, mmoja mlevi. Yule anayejua kila kitu kilichopo duniani na ambaye hajawahi kufikiri lolote, sijamwona. Anaishi ofisini, mezani kwa wachunguzi, na analetwa mbele ya watu kama sisi kusema kwamba alichofanya mwenzetu yeye angekifanya pia, kama angependa tu. Hachoki, hachekwi na stendi, halali juu ya basi akiimba ili kuwatoa watu hofu. Anangoja tu.

Na neno "wazi" lenyewe. Mtu akikwambia njia iko wazi, maana yake kuna aliyekwisha kufyeka. Mchunguzi alikuja baada ya kufyeka, akatembea bila kujikwaa, akaripoti kwamba hapakuwa na kichaka. Nami najiuliza kama alijua kwamba sentensi yake inabeba mabomba yetu. Nadhani alijua. Nadhani hilo halikuwa swali lililoandikwa katika karatasi zake, kwa hiyo akaona si lake.

Jibu lilipokuja, balozi alilisoma mwenyewe mbele ya karakana kwa sababu lilikuwa na muhuri. Lilisema kwamba keria ile ni mpya kwa umbo, lakini ni jambo lililo wazi kwa fundi wa kawaida, na kwamba wananchi wenyewe wameshuhudia kuwa ni ujuzi wa jamii nzima. Hati isingetolewa. Mwisho lilitupongeza wananchi wa Tunduma kwa ujuzi huo.

"Tumepongezwa!" balozi akasema, uso umemng'aa. "Wote! Na ndugu yetu hana hatia!"

Watu walipiga makofi. Mama wa maharage alipiga kigelegele. Sikuweza kuwakasirikia kama nilivyotaka, maana furaha yao ilikuwa ya kweli: walidhani wamemtoa mtu kwenye mdomo wa mamba. Mwenye basi peke yake, aliyekuwa mtu wa biashara na aliyejua mambo ya karatasi, aliinamisha kichwa na kusema taratibu, "Inna lillahi."

Fundi alivua aproni yake ya turubai, akaikunja, akaiweka juu ya meza yangu.

"Karani," akasema, na safari hii hakupaza sauti, "fundi wa kawaida akija, mpe hii. Mwambie zamu ni yake."

Akaondoka kwenda Itaka kwenye kahawa ya baba yake. Tulidhani ni hasira ya muda. Mafundi walimtumia salamu, balozi alimfuata kwa miguu yake, akarudi hajui alichokosea. Bila fundi na bila mabomba, karakana ilirudia ndoo na majembe, kisha hata ndoo zikaadimika. Mmoja alihamia Mlowo, mwingine akavuka mpaka. Mwishowe tuliambiwa kwamba ushirika usiozalisha ni maficho ya wazururaji, na kila mtu arudi kijijini kwake kulima. Nilifunga mlango wa bati mimi, na ufunguo nikaupeleka kwa balozi.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Itaka kumuaga fundi. Nilimkuta anapogoa mibuni. Alikuwa amezeeka kidogo, na alikuwa bado anaimba nje ya ufunguo. Mkewe alitupikia ugali na maharage, tukala, tukacheka habari za stendi. Lakini mlango wa nyumba yake ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja, na kila mtu aliyepita aliunyanyua kwa mikono miwili ili ufunguke. Mtu huyu aliyewahi kumsuta fundi asiyemjua kwa sababu ya ribiti za sanduku langu!

"Mzee, mlango wako," nilisema.

"Tunamsubiri fundi wa kawaida," akajibu. "Wanasema ni rahisi kwake."

Mkewe hakucheka. Nilielewa kwamba utani huo alikuwa ameusikia kwa miaka, kila aliponyanyua mlango.

Siku niliyoondoka Tunduma moja kwa moja ilikuwa ya jua kali, vumbi limetanda mpaka ng'ambo. Nilikuwa na sanduku langu la bati lile lile. Basi la Mbeya lilipoingia stendi nilisimama nimeduwaa. Juu yake kulikuwa na vitanda. Reli mbili, mishikio minne, vigurudumu, pini. Vilikuwa vimepakwa rangi ya buluu, na uchomeleaji wake ulikuwa wa aibu, madonge madonge kama uji uliomwagika. Lakini vilikuwa ndivyo. Huko vilikotengenezwa mabomba yalipatikana.

Utingo alikiteremsha kitanda kimoja, akaliweka sanduku langu juu yake, akalifunga chini, ardhini, kwa utulivu, akakisukuma kitanda juu.

"Keria hii nani aliibuni?" nilimwuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani alibuni mvua. "Hii? Hii ipo tu, kaka."

"Ipo tu vipi? Iliundwa hapa. Hapa hapa Tunduma. Na mtu wa Itaka."

"Mtu wa Itaka!" Abiria mmoja dirishani alicheka. "Wale si wanajua kahawa tu?"

"Nimekaa hapa, namjua," nilisema. "Baba yake alibebwa kwa machela, na yeye—"

"Panda, kaka," utingo akasema, bila ubaya. "Tunachelewa. Kitu chenyewe kiko wazi, hata mwanangu angekitengeneza."

Nilipanda. Safari hii nilikaa ndani, mtu mzima, kwenye kiti. Tulipofika geti la kwanza boriti ilishuka na mkaguzi akaamuru tushushe. Niliteremka kusimama na wenzangu kando ya barabara kama ilivyokuwa desturi, na nilijikuta, kwa mazoea ya mwili, nimeinua mikono kulidaka sanduku langu. Hapakuwa na haja. Pini ilivutwa, kitanda kikateremka kwa mlio mdogo wa beringi, watu wanne wakakipokea na kukisimamisha. Mkaguzi akazunguka. Sanduku lilikuwa limekaa pale juu ya wavu, halikutikisika, halikukwaruzwa, ribiti zake zote mahali pake.

Watu walirudi ndani wakiongea habari za bei ya mchele. Hakuna aliyegeuka kuangalia. Mimi niliendelea kusimama kwenye vumbi nikiwa na hasira, mpaka dereva akapiga honi.